Asimame Uwanja wa Nani?

Kijana wangu wa kwanza anatimiza miaka 18 mwaka 2026, na 2026 ni mwaka wa imbalu. Juzi jioni alinikuta navua viatu, akavuta kigoda, akaniambia, "Baba, nataka kusimama." Hakusema kutahiriwa. Sisi Wagisu tukisema kusimama, kila mtu anajua ni kusimama mbele ya kisu. Nikampa mkono, furaha imenijaa. Ndipo akaongeza, polepole, kama mtu aliyelibeba neno siku nyingi: "Ila sijui nitasimama uwanja wa nani."

Nilimwambia tutaongea. Usiku huo usingizi ulinipaa. Swali lake si geni nyumbani kwetu. Liliulizwa mwaka 1980 kumhusu baba yangu mzazi, likaulizwa tena 1998 kumhusu mimi. Naandika haya ili siku tukiketi naye nimpe habari yote kama nilivyoipokea, bila kuruka yale yanayouma.

Kwa ninyi mlio mbali na Mlima Elgon, ambao sisi tunauita Masaba kwa jina la babu yetu wa kale: imbalu ni tohara yetu, na huja kila mwaka wa namba shufwa. Hufunguliwa mwezi Agosti katika uwanja wa Mutoto, karibu na mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda. Kijana huzunguka kwa ndugu zake siku kadhaa akicheza, njuga zimefungwa mapajani, ngoma za kadodi zikimfuata, mwili umepakwa unga. Siku yenyewe husimama wima. Hashikwi na mtu, hapewi ganzi, na hatakiwi hata kupepesa jicho. Akimaliza ni umusani, mwanamume. Kabla ya hapo, hata awe na mvi kichwani, ni umusinde, mvulana, na wanaume hawashiki naye mrija kwenye chungu kimoja cha pombe. Mtu wa kwetu akitaka kujua rika lako hakuulizi ulizaliwa lini. Anakuuliza ulisimama mwaka gani. Na unasimama nyumbani kwa baba yako, kwa sababu damu inayodondoka pale ndiyo inayokufunga na waliozikwa pale.

Sasa niwapeleke juu.

Kijiji chetu kilikuwa juu ya Bulucheke, upande wa Bududa. Utotoni mwa mama gari halikufika huko. Uliliacha chini, ukapanda kwa miguu katikati ya migomba na mikahawa. Juu yetu ulianza msitu, kisha mianzi ambayo machipukizi yake tunayakausha kwa moshi na kuyapika kwa karanga, malewa, chakula ambacho mtoto wa Bugisu hakisahau popote aendapo. Nyuma ya mianzi hiyo ni Kenya.

Mpaka huo ndio uliomfundisha mama Kiswahili. Mwaka 1975 baridi kali iliunguza mikahawa ya Brazil, bei ya kahawa ikapanda duniani kote, lakini kwetu serikali ya Amin ililipa noti ambazo hazikununua kitu. Dukani hapakuwa na sukari, sabuni wala chumvi. Ng'ambo ya pili, kwenye soko la Chepkube, kahawa ililipwa pesa za Kenya na vitu vilikuwepo. Basi watu wakapanda usiku na magunia, wengine na punda, wengine vichwani, wakijua kwamba askari wakiwakuta hawatauliza mara mbili. Mama alikuwa na miaka 16 alipoanza kwenda na kaka yake mkubwa, mjomba wangu. Babu naye alikwenda mara chache, lakini alipofika huko aliongea na Wabukusu, ndugu zetu wa upande wa Kenya, kwa Kilugisu chake na wakaelewana vizuri. Kiswahili alisema amekisahau. Wakati wa vita vya pili vya dunia alikuwa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akafika mpaka Bama, yaani Burma, na aliporudi aliweka lugha hiyo chini pamoja na kofia, hakuigusa tena. Hivyo ndivyo watoto wake walivyoamini.

Hapo lazima niseme jambo kuhusu Kiswahili na Uganda, maana ndugu zetu wa pwani huliona geni. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini wanakijiji walikuwa wamekijua kwa njia nyingine. Kilikuwa lugha ya mtu mwenye bunduki. Lala chini. Leta pesa. Unaficha nini? Mama aliwahi kuniambia kwamba kabla ya vita kwisha hakuwahi kusikia Kiswahili kikimwamkia mtu mzima.

Majeshi ya Amin yaliingia Kagera Oktoba 1978, na Tanzania ikajibu. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na baada ya wiki chache Watanzania walikuwa Mbale. Watu waliwaita wakombozi. Mizinga yao ya roketi waliipa jina saba saba, na hata leo mzee wa Mbale akitaka kueleza kishindo kikubwa hulitumia neno hilo. Kule juu kijijini vita vilifika kama moshi wa shamba la jirani. Walipita wanajeshi wa Amin wachache wakikimbilia mpakani, wakachukua mbuzi, wakatokomea.

Mama alikuwa na miaka 19, tena ameshaposwa. Mwaka mmoja kabla, watu wa ukoo wa bonde la pili walileta ng'ombe watatu kati ya watano waliokubaliwa. Wawili kati ya hao hawakulala hata mwezi kwenye zizi la Babu. Walipelekwa kumposea mjomba mchumba wake. Ndivyo ilivyokuwa: dada anatoka, ng'ombe wake wanamwingiza wifi. Ndoa mbili zimefungwa kamba moja. Ukiikata upande huu, na ule unaanguka.

Siku moja mwezi Juni, mama na bibi walikuwa wanateremka Mbale kuuza malewa. Njiani palikuwa na kizuizi cha wanajeshi. Kijana mmoja mrefu akamtazama bibi, akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Shikamoo, mama."

Bibi alisikia "shika". Akatua mzigo, akanyoosha mikono mbele, akitetemeka, akingoja kuambiwa ashike nini. Yule kijana naye akaingiwa na hofu kwa alichosababisha. Mama ndiye aliyeingia kati, akamweleza bibi kwamba huyu anaamkia tu. Lakini hata yeye hakujua neno la kujibu, maana Chepkube hakuna aliyemwamkia mwenzake hivyo. Mwanajeshi akawafundisha: "Mama anasema, marahaba." Bibi akalirudia neno hilo kama dawa, kisha wakapita. Hawakudaiwa chochote.

Mama alianza kuteremka Mbale kila wiki. Malewa hayakuwa mengi kiasi hicho.

Baba yangu, naomba nimwite hivyo, alikuwa Msukuma wa Shinyanga, mwenye miaka 24. Nyumbani kwao walikuwa wafugaji. Alimweleza mama kuhusu nchi tambarare ambako ukimwona mtu anakuja, unaweza kupika ugali ukaiva kabla hajafika. Mama hakuamini kwamba kuna nchi isiyo na mteremko. Kuna jambo nilimwuliza mama nilipokuwa mtu mzima, tena nikarudia mara ya pili, kwa sababu nimesoma na kusikia mengi kuhusu wanawake na majeshi: je, angeweza kumkatalia mtu mwenye bunduki? Wakombozi nao walikuwa binadamu. Wapo walioiba na wapo waliopiga raia, na kadiri miezi ilivyopita ndivyo neno hilo lilivyopungua utamu. Mama alinitazama muda mrefu, akajibu, "Kati yetu wawili, aliyekuwa anaogopa alikuwa yeye. Aliogopa nisirudi wiki inayofuata." Namwamini.

Zawadi yake ya kwanza kufika kwetu ilikuwa chumvi. Kilo mbili, ndani ya karatasi. Anayeijua miaka ile ataelewa. Kwa muda mrefu watu walikuwa wanapikia maji ya majivu ya maganda ya ndizi, na ulimi ulikuwa umeanza kusahau. Babu aliuliza imetoka wapi, mama akasema kweli. Babu akaagiza irudishwe. Bibi aliichukua, akatoka nayo hadi njiani mbele ya macho ya watu wote, akazunguka nyuma ya nyumba, akaifukia jikoni chini ya jiwe la kusagia. Mwaka mzima familia ile ilikula mboga zenye chumvi, na Babu, ambaye ulimi wake haukuwa mgonjwa, hakuuliza.

Mwezi Januari 1980 yule mwanajeshi alipanda mlima na wenzake wawili kuja kumwomba. Bunduki waliziegemeza kwenye mgomba, nje ya uwanja. Wazee wa ukoo walikuwa wameketi kuzunguka chungu cha pombe ya wimbi, mirija mirefu ikichomoza. Baba yangu akasogea, akainama, akasema, "Shikamoo, mzee."

Babu akamtazama. Kimya. Kisha akamgeukia mama, akamwambia kwa Kilugisu, "Mwonyeshe pa kukaa, halafu wewe simama hapa utafsiri."

Nimewaza sana kuhusu saa ile. Msichana wa miaka 20, katikati ya wanaume, akitafsiri posa yake mwenyewe. Babu aliuliza ukoo wa mgeni. Mama akatafsiri. Aliuliza ng'ombe. Baba yangu akachangamka, maana kwao mahari ni ng'ombe, akasema wako wengi Shinyanga, vita vikiisha kabisa ataleta. Babu akasema ng'ombe wa Shinyanga hawasikiki wakilia kutoka hapa. Mama akatafsiri hilo nalo.

Halafu Babu akauliza swali ambalo kila mtu pale alikuwa analingoja. "Mwulize alisimama mwaka gani."

Wasukuma kwa asili hawana jando. Baba yangu hakulielewa swali, akadhani anaulizwa mwaka alioingia jeshini. Mama akamfafanulia kwa sauti ya chini, akiona aibu. Naye akajibu kwa ukweli wake wote, "Waambie kwetu hatuna mila hiyo. Lakini kama inatakiwa, niko tayari."

Mama akawageukia wazee, akasema kwa Kilugisu: "Anasema alitahiriwa hospitalini, akiwa mdogo."

Babu akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Hospitalini mtu hulala. Mwanamume husimama."

Mmoja wa wale wenzake alikuwa Mkurya wa Tarime, na Wakurya wana jando lao. Alipoelewa mazungumzo yanakoelekea, alijitokeza kumtetea mwenzake, akasema yeye alisimama kwa kisu cha kienyeji, akataja na umri wake. Wazee wakamsogezea kigoda, wakampa mrija. Baba yangu aliletewa maji kwenye kikombe. Alikunywa. Mama anasema hatakaa aisahau sauti ya maji yale yakipita kooni mwake, jinsi uwanja ulivyokuwa kimya.

Mwaka huohuo, Agosti, imbalu ilifunguliwa. Baba yangu alimtuma mama kwa mjomba, na mjomba akapeleka neno kwa Babu: mgeni anataka kusimama na vijana wa mwaka huu, mbele ya watu wote. Mjomba alilipeleka kwa moyo mmoja, maana ndoa yake ilitegemea amani hiyo. Babu akajibu kwa maneno matatu ambayo yametuandama hadi leo: "Uwanja wa nani?"

Hapakuwa na jibu. Mama alishuka mlima usiku wa Septemba akiwa na nguo alizovaa na sufuria moja. Wakapanga chumba Namatala, mtaa ambao hata wakati huo ulikuwa na watu wa kila kabila na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha.

Kilichofuata juu kijijini nakipita haraka, si kwa sababu ni kidogo. Ukoo wa bonde la pili ulidai ng'ombe wake watatu. Mmoja alikuwepo. Wawili walikuwa tayari kwa wakwe wa mjomba, na ili warudi, mchumba wa mjomba ilibidi arudi kwao. Alirudi. Ndama aliyekuwa amezaliwa alilipiwa kwa mavuno matatu ya kahawa ya shamba la chini. Mjomba akavuka mpaka kwenda kufanya kazi za mashamba Kitale, hakuoa hadi akaribie miaka 40, na kwa miaka 14 hakuja nyumbani hata kwa mazishi.

Mimi nilizaliwa Februari 1981, miezi miwili baada ya uchaguzi uliomrudisha Obote. Mwaka huo Watanzania walikuwa wanarudi kwao. Mama anasema wapo wanawake wa Uganda waliopanda malori pamoja na waume zao, na yeye alikuwa mmoja wa waliojiandaa. Aliambiwa wataondoka Ijumaa. Siku ya Jumatano alinifunga mgongoni, akapanda mlima kumuaga bibi. Alilala usiku mmoja. Alhamisi jioni alipofika Namatala chumba kilikuwa kimefagiwa. Mwenye nyumba akamwambia amri ilitoka usiku, msafara umeondoka alfajiri. Juu ya kitanda palikuwa na blanketi la jeshi limekunjwa pembe nne na karatasi yenye anwani. Barua moja ilifika mwaka 1982. Mama alijibu. Wakati huo vita vingine vilikuwa vimeshaanza nchini, na posta ikawa kitu cha kusimuliwa.

Alirudi kijijini. Babu hakumfukuza na hakumkaribisha. Alimwacha alale jikoni kwa bibi, na huko ndiko nilikokulia, kwenye moshi wa malewa na lile jiwe la kusagia.

Nilipokuwa na miaka 15, mwaka 1996, Babu alinipeleka Mutoto kuangalia ufunguzi wa imbalu. Alikuwa amezeeka, akitembelea fimbo. Njiani alinisimulia asili yake. Simulizi ni kwamba hapo kale sisi hatukuwa na tohara. Babu yetu alimpenda msichana wa kigeni, Nabarwa, wa watu wa upande wa pili wa mlima ambao wao walitahiriwa. Msichana akasema hataolewa na mvulana. Kama anamtaka, asimame kama wanaume wa kwao. Akasimama. Ndipo imbalu ikaanza.

Nilisimama katikati ya barabara. Nikamwuliza, "Babu, kwa hiyo imbalu ililetwa na mgeni aliyependwa?"

Alijua ninachouliza. Akaendelea kutembea hatua kadhaa, kisha akasema bila kugeuka, "Ndiyo. Lakini Nabarwa alikuja akakaa."

Mwaka 1998 nilitangaza kwamba nataka kusimama. Kikao cha ukoo kilikaa siku mbili. Wengi walisema huyu ni wa Shinyanga, aende kwa baba yake, na kama kwao hawasimami basi abaki alivyo. Wengine walisema nikamatwe tu nikatwe popote ili nisije nikaaibisha jina la mama. Mjomba alikuwa amerudi kutoka Kitale. Alisikiliza yote, akasimama, akasema sentensi moja: "Mimi nimeshalipa kwa ajili ya mtoto huyu, msimlipishe mara ya pili." Akaketi. Sijawahi kusikia hotuba inayozidi hiyo.

Walikubaliana nusu njia. Nisisimame katika uwanja mkubwa mbele ya nyumba ya Babu, mahali walipozikwa wazee. Nisimame nyuma, mbele ya jiko la bibi.

Usiku wa kuamkia siku hiyo Babu aliniita chumbani kwake, peke yangu. Taa ya mafuta ilikuwa chini. Akaanza kuongea, na ilinichukua muda kutambua kilichonishtua. Alikuwa anaongea Kiswahili. Kiswahili kigumu, cha kambini, lakini kilichonyooka.

"Keya nililala na vijana wa Tanganyika miaka minne," alisema. "Shikamoo naijua. Siku ile baba yako aliponiamkia, neno la kujibu lilikuja mpaka hapa." Akagusa koo. "Ningelijibu, ningekuwa nimemtoa binti yangu palepale."

Nikamwuliza kama alisikia alichojibu baba kuhusu kusimama.

"Nilisikia. Na nilisikia mama yako akisema kingine. Ndipo nilipojua ameshaondoka." Akanyamaza, akikuna goti. "Mwaka 1945 tulikuwa Gilgil tunangoja kurudishwa makwetu. Palikuwa na mwanamke. Nilimwambia nakwenda kuwaona wazee, nitarudi. Mimi nilikuwa nimesimama, mwanamume kamili, hakuna aliyenipita. Lori likaja, nikapanda." Alitazama taa. "Yule kijana alikuwa mzuri. Lakini alikuwa na lori linamngoja, kama mimi. Ningemwambiaje mama yako jambo hilo mbele ya bibi yako? Kusema hajasimama kulikuwa rahisi zaidi."

Asubuhi, nilipotoka nimepakwa unga, nilikuta uwanja wa nyuma umefagiwa. Babu, mwenye miaka karibu 80, ndiye aliyekuwa na ufagio. Nilisimama. Mama alikuwa mlangoni mwa jiko, amejifunga lile blanketi kiunoni. Kuhusu kisu sina la kueleza. Aliyesimama anajua, na asiyesimama haelezeki.

Babu alifariki mwaka 2004. Baada ya matanga nilimwambia mama yale ya usiku ule. Alikuwa anachambua maharage. Alisema tu, "Kwa hiyo alinisikia nikidanganya," akaendelea kuchambua, na baadaye nikaona anachanganya mabovu na mazima kwenye ungo mmoja. Jambo la Gilgil sikumwambia siku hiyo. Nilimwambia baada ya bibi naye kwenda.

Shinyanga nimekwenda, mara moja, mwaka 2014. Basi lilipita Mutukula, mpakani, likavuka mto Kagera pale Kyaka, ambapo wanajeshi wa Amin walibomoa daraja mwaka 1978, na nikawaza kwamba kama daraja lile lisingevunjwa mimi nisingekuwepo. Nilikaa siku nne. Nchi ni tambarare kama alivyosema. Nilikuwa na majina mawili na anwani ya kambi ya mwaka 1982, na majina yale kule yamejaa. Watu walinipokea vizuri, wakanilisha, wakanitazama uso. Nilirudi.

Na sasa ule uwanja wenyewe haupo. Oktoba 2018 mvua ilileta maporomoko upande wa Bukalasi, mto Suume ukabeba mawe, nyumba na watu. Kwetu ardhi ilipasuka mwaka huohuo, ufa ukapita kati ya nyumba ya Babu na jiko la bibi, na msimu uliofuata upande wa jiko ukashuka bondeni. Watu wengi wa Bududa wamehamishiwa Bunambutye, chini katika wilaya ya Bulambuli. Mama yuko huko. Anaishi kwenye nchi tambarare, yeye aliyekataa kuamini kwamba ipo.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka kijana kwake. Sikumwambia mama tunakuja kwa sababu gani. Kijana anasoma Mbale, na siku hizi wanafundishwa Kiswahili darasani, tangu serikali ilipoamua mwaka 2022 kwamba kifundishwe katika shule zote. Nyumbani tunaongea Kilugisu na mama huongea naye Kilugisu siku zote.

Mama alikuwa ameketi nje, kwenye kivuli cha nyumba, na mbele yake kiwanja kipya, chekundu, kisicho na kaburi hata moja. Kijana akamsogelea, akainamisha kichwa kidogo. Sijui alilitoa wapi hilo la kuinamisha kichwa. Mimi sijawahi kumfundisha.

"Shikamoo, bibi."

Mama alimtazama muda mrefu kiasi kwamba kijana akanigeukia, akidhani amekosea. Kisha akaweka ungo chini.

"Marahaba," alisema. Akamvuta mkono aketi karibu naye. "Haya. Niambie unataka kusimama mwaka gani."